Jengo la 1977 limeoza paa, la 2004 nondo zinatoka nje: tukarabati au tubomoe?

KatibuKamati

Wakuu, habari za kazi. Naomba wenye ujuzi wa majengo mnisaidie, siasa tuiache kidogo.

Shule ya msingi, pwani ya Lindi, mita kama 400 kutoka baharini. Majengo ya madarasa ni mawili.

La kwanza ni la 1977, enzi za Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE). Madarasa 3 na ofisi, upana mita 7 ndani, urefu wote mita 28, baraza ya mita 1.8 upande mmoja. Kuta ni tofali za saruji, nchi 9. Lipu imebanduka, bati ni geji 32 zilizotoboka, kenchi zimeliwa na mchwa. Juu ya madirisha kuna lenta (boriti za zege) fupi fupi tu, mkanda wa zege na nondo wa kuzunguka jengo juu ya kuta haupo.

La pili ni la 2004, enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), madarasa 2. Ukiliona kwa mbali utalisifu, rangi bado ipo. Ila nguzo za baraza zimepasuka na nondo zimevimba kwa kutu, na ukuta wa mwisho upande wa bondeni una ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha.

Wanafunzi ni 312. Mkutano wa wazazi umegawanyika. Wengi wanasema la 1977 ni gofu, libomolewe, fedha iende kwenye madarasa mapya pale pale, na la 2004 lizibwe nyufa lipakwe rangi. Fedha haitoshi kufanya vyote kwa mwaka mmoja. Tuanze na lipi, na kwa vigezo gani?

MhandisiKusini

Katibu, mwaka wa jengo usiwatishe. Jengo la 1977 lililokaa juu ya msingi uliotulia linaweza kulizika la 2004 lililosimama juu ya mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kabla hamjaitisha mkutano mwingine, pimeni. Vifaa vyenyewe ni vya kuazima: timazi, mpira wa maji wa kupimia usawa, nyundo, bisibisi, penseli, rula yenye milimita.

Anzeni na nyufa. Ufa wa wima pale ukuta wa ndani unapokutana na wa nje mara nyingi unatokana na tofali ambazo hazikufungamanishwa wakati wa kujenga. Unatibika. Ufa wa mlalo chini kidogo ya paa unaonyesha kenchi zinasukuma kuta kwenda nje kwa kuwa hakuna mkanda wa kuzishika. Nao unatibika, dawa yake ni mkanda wenyewe. Wa kuogopa ni ule wa mshazari unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Hapo msingi umeshuka kona moja na kuiacha nyingine.

Upana wake pimeni kwa milimita. Chini ya 5 ni kazi ya fundi lipu. Kati ya 5 na 15 milango na madirisha huanza kukaba, aitwe mtaalamu. Ukivuka 15, kipande hicho cha ukuta kitabomolewa na kujengwa upya. Ukivuka 25 watoto watoke darasani leo, msingoje kikao.

Halafu jueni kama ufa umelala au bado unatembea. Pigeni alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pimeni umbali kati yake, andikeni namba na tarehe pale pale ukutani, mrudie kila wiki mbili. Kipande chembamba cha kioo kilichobandikwa kwa saruji pande zote mbili kinafanya kazi hiyo hiyo: kikipasuka, ufa unatembea. Mbuga hunywea Septemba na Oktoba na huvimba mvua zikikolea Januari, kwa hiyo kimya cha mwezi mmoja kisiwadanganye.

Timazi: ukuta wa nchi 9 wenye kimo cha mita 3 ukiinama zaidi ya milimita 25, msiuamue wenyewe, aje mhandisi wa halmashauri.

Msingi: chimbeni shimo la sentimita 60 kwa 60 kando ya kona mbovu, na jingine kando ya kona nzima. Angalieni kina na kama kuna zege chini au tofali zimepangwa juu ya udongo mtupu. Chukueni donge la udongo wa chini, mliloweshe, mliviringishe viganjani kuwa uzi wa milimita 3. Ukiviringika bila kukatika, na ukikauka ukawa mgumu kama kigae, huo ni mfinyanzi, ndiyo mbuga yenyewe.

Nguzo: zigongeni kwa nyundo toka chini hadi juu. Penye mlio wa utupu, zege limeachana na nondo. Chokonoeni mpaka chuma, kikwangueni kutu, mkipime. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10 imepoteza karibu asilimia 30 ya chuma chake, ingawa kwa macho utasema bado nene.

Kama sekondari ya jirani ina maabara ya kemia, ombeni finolfthalini kidogo. Ipulizeni kwenye zege lililovunjwa muda ule ule. Likigeuka waridi iliyokoza, bado lina ukali wa saruji unaolinda chuma. Likibaki bila rangi hadi kwenye nondo, kinga imekwisha. Ila kwa pwani waridi pekee isiwape usingizi: chumvi ya bahari huozesha nondo hata ndani ya zege lililogeuka rangi.

Leteni namba hapa, tutaongea.

FundiKenchi

Mhandisi kamaliza chini, mimi nakwenda juu. Kabla ya kuhesabu bati jueni kwamba huku kusini paa haliangushwi na uzito, linanyanyuliwa na upepo. Kimbunga kiliipiga Lindi 1952. Kenneth wa Aprili 2019 aliingia Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi kusini, na Hidaya wa Mei 2024 akapita kwenye pwani hii hii.

Bati na mbao zake kwa pamoja hazizidi kilo 25 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 144 kwa saa unaweza kuvuta juu kilo 100 kwa mita hiyo hiyo, hasa kwenye baraza, maana pale unasukuma kwa chini na kunyonya kwa juu. Kwa jengo lenu, kenchi zikikaa kila mita 1.2, kila mwisho wa kenchi unavutwa kwa karibu kilo 500. Misumari mitatu ya nchi 4 iliyopigwa kimshazari kwenye ubao wa juu ya ukuta haishiki hata robo ya hiyo.

Hesabu ya paa la 1977, mteremko wa nyuzi 22, mchirizi wa sentimita 60 kila upande:

Eneo ni kama mita za mraba 328. Bati la mita 3 likishalaliana, kinachobaki kufunika ni kama mita za mraba 2.1, kwa hiyo bati 156, ongezeni za kupotea, nunueni 165. Geji 28, msishuke. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na hapo ndipo kamati nyingi huuziwa geji 32 kwa bei ya 28. Mnunue skrubu zenye kofia ya mpira, kama 2,500. Misumari ya bati ya kawaida karibu na bahari hutangulia kuoza, tundu linapanuka, bati linaanza kupiga kelele usiku. Pembeni na kwenye kofia ya paa skrubu zikae kila mgongo wa bati, katikati ya paa mgongo mmoja uruke.

Kenchi 25. Papi (mbao za kupigilia bati) kila sentimita 90 kwenye mteremko, mistari 7 kila upande, jumla mita 420, yaani vipande 115 vya futi 12. Mistari miwili ya chini na miwili ya juu iwe 2x3 badala ya 2x2, na kila inapokatiza kenchi ifungwe kwa ukanda wa chuma, misumari peke yake haitoshi.

Mbao ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Kata kipande kimoja katikati uangalie: kama rangi ya dawa imeishia kwenye ngozi na moyo ni mweupe wote, hiyo imepakwa, haikushindiliwa. Na kila mwisho mnaoukata wenyewe upakwe dawa tena kabla haujapanda, maana mchwa huingilia pale pale palipokatwa.

Msidanganywe na kenchi za zamani kwa kuzitazama toka chini. Pandeni, chomekeni bisibisi pale kenchi inapokalia ukuta. Ikizama zaidi ya milimita 10, hiyo ni kuni.

BoraMapya

Nasoma napendezwa, lakini tuseme ukweli. Neno "ukarabati" kwenye shule zetu maana yake ni lipu juu ya lipu na rangi ya krimu chini, bluu juu. Mwaka wa tatu mnarudi pale pale. Fedha za madarasa ya 2021 zilikuwa milioni 20 kwa darasa moja, likaisha na madawati ndani. Sasa jengo unalibadilisha paa, mkanda, lipu, sakafu, milango. Kimebaki nini cha zamani? Kuta tu. Si bora ubomoe uwe na jengo unalolijua toka msingi?

MhandisiKusini

Mkuu, hoja ya rangi nakubaliana nawe asilimia mia. Ukarabati usioanzia juu, yaani mkanda na paa, ni kupaka poda.

Ila "kuta tu" si kitu kidogo. Kuta, msingi na jamvi (zege la sakafu) ndiyo sehemu inayomeza saruji, mchanga, maji na siku za kazi, na kama vimetulia kwa miaka karibu 50 vimeshafanyiwa jaribio ambalo msingi mpya haujafanyiwa. Kubomoa nako kuna gharama, na kifusi kinahitaji pa kwenda. Kigezo ninachotumia: orodhesha kazi zote za ukarabati kwa bei za duka la hapo hapo, siyo bei za Dar (saruji ya Mtwara mjini na ya Liwale hazifanani bei). Jumla ikizidi asilimia 60 ya jengo jipya la ukubwa ule ule, bomoa. Ikiwa chini ya 40 na msingi umetulia, karabati bila maneno. Katikati, msingi ndio unaoamua: ukitulia karabati, ukitembea bomoa hata kama hesabu inasema asilimia 30.

Kuna aina moja sibishani nayo: kuta za tofali mbichi za udongo bila zege chini, zile zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi halafu zikapigwa lipu ya saruji. Lipu inabanduka na udongo wake kila masika. Hizo zibomolewe.

KatibuKamati

Wakuu, asanteni sana. Tumepima na mhandisi wa halmashauri akiwepo. Haya hapa.

Jengo la 1977: nyufa za wima kwenye kona tatu, kubwa ina milimita 3. Ufa wa mlalo sentimita 20 chini ya paa, upande wa baraza, milimita 4. Timazi inaonyesha ukuta huo umeinama nje milimita 12. Msingi una kina cha sentimita 90, zege lipo, chini ni mchanga mwekundu mgumu. Sakafu kwa mpira wa maji inatofautiana milimita 8 toka mwisho hadi mwisho.

Jengo la 2004: ufa wa mshazari milimita 18 juu, 4 chini. Msingi sentimita 45 tu, chini ni udongo mweusi, tuliviringisha uzi haukukatika. Sakafu imeshuka milimita 40 upande wa bondeni. Nguzo 4 kati ya 6 zinalia utupu. Nondo zilikuwa za 12, tulizozikwangua zina 9 hadi 10. Zege juu ya nondo ni milimita 15, na ndani tuliona vipande vya kombe. Kuna mkorosho mkubwa mita 5 toka kwenye kona iliyoshuka.

Pia kuna stoo ya zamani ya mawe ya matumbawe, lipu ya saruji inatoka kama maganda. Na paa la jiko lina bati za kijivu nene, wazee wanasema ni asbesto. Hizo nazo?

MhandisiKusini

Kombe ndani ya zege! Basi mchanga ulichotwa ufukweni bila kuoshwa, chumvi iliingia na zege siku ile ile ya kumwaga. Nguzo hizo hazikupata kutu kwa bahati mbaya.

Hapa picha imegeuka kinyume cha mkutano wenu. La 1977 linakarabatika. La 2004 ndilo gofu.

Kwa nini la 2004 halizibiki: mkijaza ule ufa wa 18 kwa saruji wakati wa kiangazi, udongo ukivimba Januari ukuta utatafuta pengine pa kupasukia, kwa kawaida tofali la pili toka pale mlipoziba. Msingi wa sentimita 45 uko ndani ya tabaka linalonyauka na kuvimba, na mkorosho unanyonya maji kona moja tu, ndiyo maana kona ile imeshuka peke yake. Kuchimba chini ya msingi na kuushusha kipande kwa kipande inawezekana, lakini kwa madarasa mawili yenye nguzo zilizooza bei yake itapita jengo jipya. Ukuta wa mwisho na baraza wekeni kamba kuanzia kesho, mtoto asikae chini ya zile nguzo. Darasa la upande wa juu wa mteremko litumike kwa muda tu, huku alama za penseli zikisomwa.

Mkija kujenga jipya msijenge pale. Sogezeni upande wa mchanga mwekundu. Mkilazimika kubaki kwenye mbuga, mfereji ushuke mita 1.2 hadi 1.5, udongo mweusi utolewe wote chini ya jamvi, ijazwe moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, na kuwe na mkanda wa nondo chini kwenye msingi pia, siyo juu tu. Kuzunguka jengo pigeni zege la mita 1 lenye mteremko wa sentimita 5 kwenda nje ili maji ya paa yasizame ukutani. Mti ukae mbali na ukuta angalau sawa na urefu wake ukishakua.

Sasa mkanda wa la 1977. Mzunguko wa nje na kuta tatu za ndani ni mita 92. Mkanda wa milimita 230 kwa 225:

Zege mita za ujazo 4.8, uwiano 1:2:4, yaani saruji mifuko 32, mchanga wa mtoni mita 2.2, kokoto mita 4.4. Nondo za 12 zipite nne, jumla 34. Ringi (pete za kufunga nondo hizo) za 8 kila sentimita 20, nondo 28. Zinapoungana zipandane sentimita 60, na kwenye kona zipinde na kuendelea upande wa pili. Nondo inayoishia konani ndiyo inayofungua kona. Zege juu ya chuma milimita 40 kwa kuwa mko pwani. Vitofali vya saruji vya kuinulia nondo mvimwage wenyewe wiki moja kabla, vipande vya mbao au kokoto chini ya nondo ni mlango wa kutu.

Maji nayo ni ya kuangalia. Ya kisima cha chumvi yasiingie kwenye zege wala yasimwagiliwe. Maji ambayo mtu hawezi kuyanywa, nondo nazo hazitayapenda.

Kisha jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Mkanda huo una kilo 124 kwa mita, kwenye nafasi ya kenchi moja ni kama kilo 150. FundiKenchi kasema upepo unavuta 500. Mkanda peke yake utanyanyuka na paa lake, vikatua uwanjani vikiwa vimeshikana vizuri. Kwa hiyo kila kenchi iwe na nondo ya wima chini yake: chongeni mfereji wa sentimita 5 kwa 5 upande wa ndani wa ukuta, ushuke kozi (mistari ya tofali) nne, mwisho wa nondo upinde na kuingia kwenye tundu chini ya tofali, mfereji ujazwe mota ya 1:3. Hapo kilo zaidi ya 400 za ukuta zinaingia kwenye mzani. Mwisho wa juu wa nondo upite kwenye mkanda, na ukanda wa kufunga kenchi utoke humo humo kabla ya kumwaga, usije ukapigiliwa baadaye. Penye dirisha nondo isogee kwenye nguzo ya ukuta ya jirani.

Ule mwinamo wa milimita 12 uacheni, msijaribu kuusukuma. Nyufa za kona: ondoeni lipu sentimita 30 kila upande, kateni kiungo cha mota kila kozi ya tatu kwa kina cha sentimita 4, lazeni nondo ya 6 yenye urefu wa mita 1 ikipita juu ya ufa, jazeni mota. Lipu ya juu ije baada ya paa kukaa. Fundi akianza na lipu, mlipe nauli arudi.

Stoo ya matumbawe mnaiua kwa saruji. Jiwe hilo linanyonya unyevu na chumvi toka chini, na linataka kupumua. Saruji inaziba, chumvi inakusanyika nyuma yake na kuisukuma. Ng'oeni lipu yote, acheni kuta zikauke kiangazi kizima, pigeni lipu ya chokaa iliyolowekwa, chokaa 1 kwa mchanga 3, kama nyumba za kale za Mikindani na Kilwa.

Asbesto: hakuna kukata, kutoboa wala kurusha chini. Kama haijavunjika na hamna haja ya kuigusa mwaka huu, iacheni. Ikibidi kutoka, halmashauri ishirikishwe. Bati ziloweshwe, zishushwe nzima, zifungwe tabaka mbili za plastiki nene, wafanyakazi wavae barakoa za vumbi laini (kitambaa hakizuii kitu) na wanafunzi wasiwepo. Zisizikwe shuleni na asipewe mtu akaezekee banda la kuku.

AfisaManunuzi_Mstaafu

Karatasi sasa, maana hapa ndipo kamati nzuri huponzwa na mkaguzi.

Jengo la shule ni mali ya umma hata kama wananchi walibeba mawe. Muhtasari wa mkutano wa kijiji hautoshi kulibomoa. Mhandisi aliyepima naye aandike ripoti na kuisaini, ipite kwa mkurugenzi, jengo liondolewe kwenye daftari la mali, ndipo mguse. Bati, mbao, fremu na tofali zinazotoka zihesabiwe na kuandikwa. Malalamiko mengi yanaanzia kwenye bati kuukuu, kuliko hata fedha zenyewe.

Kwa fosi akaunti, yaani shule kusimamia ujenzi yenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, mtakuwa na kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa mtandao wa manunuzi ya umma, kwa hiyo mtandao ukisumbua mnapoteza wiki, anzeni mapema. Kamati ya mapokezi iwe na maikromita au kalipa: bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4, geji 32 kama 0.25. Nondo ya 12 ipimwe uzito, nzima ya mita 12 ina kilo 10.7. Ikija na kilo 8, hiyo ni 10 na nusu iliyobatizwa. Tofali ziulizeni mfuko mmoja umetoa ngapi: za nchi 6 zikizidi 30 mmeuziwa mchanga.

Mkataba wa fundi uwe wa hatua, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite juu ya paa.

BoraMapya

Nimesalimu amri kuhusu la 1977. Swali: watoto 312 mtawaweka wapi? Kiwango ni 45 kwa darasa, hapo mnahitaji 7, mna 5, moja mmelifunga, na matatu mnayaezua.

FundiKenchi

Ndiyo maana la 2004 lisibomolewe kwanza. Lile darasa lake la juu linabaki likizo ikiisha, zamu mbili kwa miezi michache, hakuna namna.

La 1977 linaezuliwa likizo ya Juni, kiangazi kimeshika, upepo una ukavu, na vibarua wapo. Mkisogeza mpaka Oktoba mtagombea malori na watu na korosho, na mawingu ya Desemba hayangoji. Ratiba yenyewe: siku 3 kuezua na kusafisha kichwa cha ukuta. Siku 5 mifereji, nondo za wima, mbao za fomu, kusuka mkanda. Siku ya 9 mwageni zege lote siku moja, asubuhi mpaka jioni, watu 15 na mashine ya kuchanganya. Likibidi kukatwa, likatwe katikati ya ukuta uliojaa, kwa mkato wa wima, lisikatiwe konani wala juu ya dirisha. Siku 7 linamwagiliwa na kufunikwa magunia, na siku hizo hizo kenchi zinapigwa chini uwanjani, ya kwanza ikiwa kipimo cha zote 25. Siku ya 17 mnapandisha. Bati zinakwenda siku 4, mkianzia mwisho ulio kinyume na upepo unakotoka ili mdomo wa maungio usiutazame upepo. Fomu za chini ya mkanda juu ya madirisha zisivuliwe kabla ya siku 14.

Matone ya mota yakiangukia bati za aluzinki yaoshwe pale pale, yakikaukia yanakula ngozi.

Na fishabodi (mbao za ukingo wa paa) zikishafungwa wekeni mifereji ya maji siku hiyo hiyo, kabla fundi hajateremsha ngazi. Paa lile likipata mvua ya milimita 20 usiku mmoja linatoa lita karibu 4,800, tangi la lita 5,000 linakaribia kujaa kabla kengele ya asubuhi haijalia. Maji ya dakika kumi za mwanzo yaachwe yamwagike, yana kinyesi cha ndege na chumvi ya juu ya bati.

KatibuKamati

Nimeelewa. Swali la mwisho: mchanga wa mto uko kilomita 30, wa ufukweni uko hapa hapa, na fundi anasema ataosha.

MhandisiKusini

Auoshe kwa maji gani, ya kisima cha chumvi? Lipieni lori. Mkanda unahitaji mita 2.2 tu, ni karibu nusu ya lori la tani 7 na kinachobaki kitatosha mota ya nyufa zote.